Programu ya kusimamia wafanyakazi walio mbali: tathmini yangu baada ya miezi kumi na minane Mwanza

Tangu Februari 2024 nimekuwa nikilipa shilingi 18,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya programu inayodai kwamba inaweza kumsimamia mtu anayefanyia kazi nyumbani kana kwamba ameketi mbele ya bosi wake. Wafanyakazi wetu wa mbali ni tisa, kwa hiyo hesabu yake ni shilingi 162,000 kila mwezi, na kwa muda wote huu imefika karibu milioni tatu, fedha ambayo kwa biashara ya nyavu, kamba na vipuri vya injini za boti si ya kuchezea, hasa siku za mbalamwezi ambapo wavuvi wa dagaa hupumzika na simu za wateja hupungua. Sitaitaja programu kwa jina wala kampuni iliyotuuzia, kwa kuwa baadhi ya malalamiko yangu bado yapo mezani kwao. Nitaeleza inavyofanya kazi, na aliyewahi kuonyeshwa bidhaa ya aina hii ataitambua, maana zinafanana kama dagaa wa gunia moja.

Sababu ya kuinunua ilikuwa ya kawaida. Mwishoni mwa mwaka 2023 kodi ya pango ya ofisi yetu ya Kirumba ilipanda, nasi tukarudisha vyumba viwili na kubaki na stoo pamoja na chumba kimoja cha mapokezi. Watu wawili wa hesabu wakaanza kufanyia kazi nyumbani, mmoja Igoma na mwingine Buhongwa. Watatu wa simu za wateja wakatawanyika Nyegezi, Pasiansi na Kisesa. Na mawakala wanne wa Nansio, Sengerema, Musoma na Bukoba, ambao siku zote walikuwa nje, wakaunganishwa nao katika ofisi hiyo isiyo na kuta. Mzee mwenye biashara alisema jambo moja tu, kwamba hajazoea kumlipa mtu asiyemwona. Kazi ya kumtafutia macho ikawa yangu, na macho niliyompatia ni haya.

Mfanyakazi anapofungua kompyuta asubuhi anabonyeza kitufe cha kuanza kazi, na kuanzia hapo programu inahesabu kila herufi anayopiga na kila mwendo wa kipanya, inapiga picha ya skrini kila baada ya dakika kumi, kisha jioni inampa alama kwa asilimia. Anayepata chini ya 60 kwa siku tatu mfululizo anatumiwa barua ya onyo bila mkono wa mtu kuigusa, na nakala inakwenda kwa meneja. Kwa mawakala wanaotumia simu, inahesabu muda ambao programu imefunguliwa. Pamoja na hayo kuna ubao wa kazi, ambako kila jukumu lina mwenye nalo na tarehe ya kukamilika, na kuna chumba cha mazungumzo na cha vikao. Kuiweka kulichukua asubuhi moja, na kwa hilo nawapongeza: kijana waliyemtuma alikuwa mstaarabu na mwenye subira hata kwa mzee, aliyetaka kujua picha hizo zote zinasafishwa studio gani.

Mwezi wa kwanza nilifurahi kupita kiasi. Kila jioni nilikuwa na orodha ya alama kwenye simu yangu, nikaipitia kama mwalimu anavyopitia matokeo ya mtihani, na kama mwalimu mvivu nikaamini kwamba namba zimeshamaliza kazi ya kunieleza nani ni nani. Wa mwisho kabisa alikuwa dada wa hesabu wa Igoma, ambaye alama zake hazikuwahi kuvuka 45. Barua ya onyo ikamfikia mwisho wa wiki ya kwanza, na kwa aibu nakiri kwamba niliiona ikipita na sikuizuia. Kiswahili chake kilikuwa cha mashine: “Mtumiaji mpendwa, uzalishaji wako uko chini. Tafadhali ongeza.” Alinijibu kwa sentensi moja, akiuliza kwa heshima zote kama meneja anakumbuka hesabu za Januari zilifungwa tarehe ngapi. Nilipokwenda kuangalia niliona zilifungwa tarehe 3 Februari, wakati zamani hatukuwahi kufunga kabla ya tarehe 15.

Nimewahi kumtembelea na kumwona anavyofanya. Stakabadhi za mawakala humfikia kwenye bahasha za kaki zinazosafiri na makondakta wa mabasi, zikiwa zimekunjwa mara nne, nyingine zimegandiwa na magamba ya samaki. Anazitandaza juu ya mkeka, anazipanga kwa mialo, anajumlisha kwa kikokotoo kidogo cha mfukoni huku akiandika kwa penseli pembeni, na inapofika saa tisa alasiri ndipo anapoiwasha kompyuta na kuingiza yote kwa mwendo mmoja usiozidi saa moja na nusu. Kwa macho ya programu, mwanamke huyu alikuwa hana kazi tangu asubuhi hadi alasiri.

Aliyeongoza kwa alama alikuwa kijana wa hesabu wa Buhongwa. Hakuwahi kushuka chini ya 94, na mara mbili nilimsifu mbele ya wenzake katika kikao cha Ijumaa. Aliyenifungua macho ni TANESCO. Mwezi Aprili umeme ulikatika Buhongwa mchana mara tatu katika wiki moja, na kila ulipokatika mstari wake kwenye grafu ulilala chini papo hapo, kisha ukanyanyuka dakika ileile umeme uliporudi. Kompyuta yake ni mpakato yenye betri nzuri, na intaneti anaipata kwa simu, hivyo nilibaki kujiuliza ni mfanyakazi gani ambaye vidole vyake vinatumia umeme wa gridi.

Nilipanda daladala hadi Buhongwa siku ya Alhamisi bila kutoa taarifa. Mama yake alinifungulia, akanikaribisha ndani na kunieleza kwamba mwanawe ametoka kidogo. Mezani kulikuwa na kompyuta iliyowashwa, na pembeni yake feni ya kugeuka huku na huku. Shingoni mwa feni umefungwa uzi wa nailoni, tena uzi wetu wenyewe, ule tunaouuza kwa ajili ya kushonea nyavu, na ncha ya pili imeshika kipanya. Feni ikigeukia dirishani, kipanya kinavutwa. Ikirudi, kipande cha mpira wa baiskeli kilichopigiliwa upande wa pili wa meza kinakirudisha mahali pake. Mama alidhani ni kifaa cha ofisi, na aliniambia kwamba amewakataza watoto wasikiguse.

Msomaji atauliza picha za skrini zilikuwa wapi. Zilikuwepo. Kwa siku ya saa tisa programu inapiga picha 54 kwa kila kompyuta, na kwa kompyuta tano ni picha 270 kila siku, ambazo mtu mmoja alipaswa kuziangalia, na mtu huyo ni mimi. Niliziangalia wiki mbili za mwanzo, nikaacha. Nilipozirudia baada ya safari ya Buhongwa nilikuta jedwali lilelile la hesabu, mstari uleule, kwa siku nne mfululizo. Na kibaya zaidi kwa upande wangu, ubao wa kazi ulikuwa umeshasema yote: jukumu lake la kulinganisha taarifa ya benki na vitabu vyetu lilikuwa limelala siku 19 likisubiri kufungwa. Ushahidi ulikuwa ukurasa wa pili wa programu ileile, mimi nikawa nimekwama kwenye ukurasa wa kwanza wenye rangi nzuri.

Simtetei kijana yule, na onyo la maandishi alilipata. Hata hivyo jibu lake limebaki kichwani mwangu. Alisema kwamba Desemba alifunga hesabu za mwaka hadi saa nane za usiku kwa siku sita, hakulipwa saa za ziada wala kununuliwa bando, na kwamba yeye alikuwa anajirudishia. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Vivien Lim wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, uliochapishwa mwaka 2002, kuhusu wafanyakazi wanaotumia intaneti ya mwajiri kwa mambo yao binafsi saa za kazi. Anaonyesha kwamba wanaohisi mwajiri hawatendei haki ndio wepesi wa kujihalalishia utegaji huo, kwa kuwa kichwani wanafungua daftari: jasho la ziada upande mmoja, saa walizotega upande mwingine, na hesabu ikilingana dhamiri inatulia. Kijana wangu ni mhasibu kwa kazi na kwa tabia. Nilijifariji kidogo Juni 2024 iliposikika kwamba benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa imewaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya kumi na wawili kwa kosa la kuigiza shughuli za kibodi ili waonekane wako kazini. Kumbe hata wenye mabilioni ya dola wanavutiwa vipanya.

Kasoro kubwa ya programu hii kwa mtu wa kando ya ziwa ni saa zake. Imepangwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na ingawa kuna sehemu ya kubadili zamu, mabadiliko hayo ni ya kampuni nzima, hayawezi kuwa ya mtu mmoja mmoja. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, na boti hurudi mwaloni alfajiri. Wakala wetu wa Nansio huwa ufukweni saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu huo ndio wakati ambapo mwenye boti ana fedha mkononi na wavu uliochanika mbele ya macho yake. Ikifika saa tatu asubuhi ameshauza, ameshaandika oda, na amelala. Alama yake siku za giza haikuwahi kufika 40. Mwezi ukishakuwa mkubwa, wavuvi wakipumzika, naye anakaa kivulini na kuiacha programu wazi huku akifuatilia matokeo ya mpira, anapata 80. Alinipigia kunichekesha, ingawa mimi sikucheka: “Bosi, nikilala napata A, nikifanya kazi nafeli.”

Sasa nije kwenye tabia mbaya zenyewe, zile zilizotugharimu kweli, ambazo programu haikuona hata moja.

Mteja wetu wa siku nyingi pale Mwaloni, mama anayenunua kamba kwa marobota, alipiga namba yetu ya huduma kuulizia mzigo wake. Mhudumu akapokea kwa uchangamfu na kumkaribisha kwa jina la kampuni nyingine kabisa, ya kukopesha fedha kwa simu. Mama akakata haraka akidhani anadaiwa. Alipofika Kirumba mchana, akiwa bado na mshangao wake, ndipo tulipogundua kwamba mhudumu wetu wa Nyegezi alikuwa ameajiriwa sehemu mbili kwa saa zilezile, simu mbili mezani, salamu mbili kichwani, na siku hiyo akazichanganya. Alama yake ya siku ile ilikuwa 88. Wakala wa Musoma naye alikuwa akichukua oda za pembeni: mteja akiulizia wavu ambao hatuna, badala ya kutuandikia tuagize, ananunua kwa mfanyabiashara mwingine na kuuza kwa faida yake, kwa kutumia jina letu na dhamana yetu. Alipoondoka Machi 2025 aliondoka na namba za wateja wote wa upande ule, kwa kuwa hakuwahi kuziingiza kwenye mfumo hata siku moja, na kila tulipomkumbusha alisema mtandao unasumbua.

Hiyo “mtandao unasumbua” inastahili aya yake. Ni kweli kwamba mtandao husumbua, na ndiyo sababu udhuru huu unafaa sana kwa mtegaji: haupingiki. Katika kikao kimoja cha asubuhi, wakati mhudumu wa Pasiansi akieleza kwamba yuko nyumbani na kamera yake haifunguki kwa sababu ya mtandao, sote tulimsikia kondakta akiita “Buzuruga, Nyakato, Igoma” karibu kabisa na maiki yake. Wakala wa Sengerema alikuwa na udhuru wake wa miaka mingi, foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, na hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa kila aliyepita pale anaijua foleni ile. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, likafunguliwa Juni 2025. Wiki mbili baadaye akatuandikia kwamba amechelewa, yuko kwenye foleni ya kivuko. Ulikuwa ujumbe wa zamani, ambao alikuwa akiunakili na kuutuma tena kila alipouhitaji. Nilirudi nyuma kwenye mazungumzo, nikaukuta mara kumi na moja, pamoja na kosa lake lilelile la herufi.

Lililoniuma kuliko yote lilikuwa la majungu. Chumba cha mazungumzo tulichokuwa tunakilipia kilikuwa kitupu kama darasa la likizo, salamu za asubuhi na “pole na kazi” tu, kwa kuwa mazungumzo yenyewe yalihamia kwenye kundi la WhatsApp ambalo mimi simo. Humo mtu alichukua picha ya mhudumu wetu wa Kisesa, iliyonaswa wakati kikao kimeganda, jicho moja limefumba na mdomo uko wazi, akaitengeneza stika. Stika hiyo ikawa jibu la kila kitu: oda ikichelewa, stika, mshahara ukichelewa, stika. Binti akaacha kufungua kamera, akaacha kuchangia kikaoni, akaanza kuomba ruhusa za mara kwa mara, nami nikamwandika kwenye daftari langu kuwa anategea. Ilichukua miezi miwili kabla ya dada wa Igoma kunipigia simu na kuniambia, “Meneja, yule mdogo wetu anaonewa.” Tulipokuwa wote Kirumba, jambo la namna hiyo ningelisoma usoni kwa mtu kabla ya chakula cha mchana. Programu iliyokuwa ikimpiga picha mara 54 kwa siku ilipiga skrini yake, na huko kwenye skrini hakukuwa na kitu. Niliwaita wote ofisini, nauli juu yetu, na aliyetengeneza stika akaomba radhi mbele ya wenzake. Kundi halikuvunjwa, kwa sababu sina uwezo wa kulivunja, lakini niliambiwa stika imekufa.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Jumatatu asubuhi programu iliwaandika watu wote tisa kuwa watoro, ikawatumia barua pale mtandao ulipofunguka kidogo, na kuniandalia jedwali la makato ya mshahara likiwa limeshapigwa hesabu hadi shilingi ya mwisho, likisubiri nibonyeze kukubali. Sikubonyeza. Nawaonya wenzangu wenye haraka kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu tu mashine imempa jedwali, na kwamba sheria hiyohiyo imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ukomo ambao programu haiujui, kwa kuwa ilikuwa ikimpongeza kwa nyota ya dhahabu kila aliyefikisha saa 55.

Upo pia upande wa siri za watu. Katika zile picha za skrini nilizozirudia nilikuta majibu ya hospitali ya mfanyakazi mmoja, na salio la benki la mwingine. Nilizifuta, lakini nilikuwa nimeshaona, na mtu akishaona hawezi tena kujifanya hakuona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Nilipowaandikia wauzaji kuwauliza picha hizo zinahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na nani mwingine anaweza kuzifungua, nilijibiwa baada ya siku kumi na mbili kwamba swali langu ni muhimu sana kwao. Niliuliza tena, nikapata jibu lilelile, na nikamkumbuka wakala wangu wa Sengerema.

Kwa ujumla huduma yao baada ya mauzo ni dhaifu. Simu hupokelewa, maneno ni matamu, ila hakuna kinachotengenezwa. Jambo la zamu za mtu mmoja mmoja nimeliomba mara tano. Bando nalo halikutajwa siku ya mauzo: picha zote hizo zinapandishwa mtandaoni kwa intaneti ya mfanyakazi, na GB 1 iliyokuwa ikimtosha dada wa Igoma siku tatu ikawa inaisha kabla ya siku ya pili. Kwa miezi mitano wafanyakazi walikuwa wakilipia wenyewe gharama ya kuchunguzwa, na hakuna aliyetuambia, maana katika ofisi ya mtandaoni mtu akinung’unika ananung’unika kwa ukuta wake. Tangu Julai 2024 kampuni ndiyo inayonunua bando, na ninaamini mabadiliko hayo madogo yalipunguza utegaji kuliko barua zote za onyo zikijumlishwa.

Ubao wa kazi ni mzuri na ndio uliotufanya tubaki. Ni mwepesi, unafunguka hata kwenye simu ndogo yenye mtandao hafifu, na unaonyesha bila ugomvi jambo liko kwa nani na limekaa siku ngapi. Tunautumia pamoja na mambo matatu ambayo hayauzwi: napigia wateja watano kila wiki kuwauliza walihudumiwaje, kila mhudumu anapigiwa simu ya sauti saa mbili na robo asubuhi kwa dakika tano, na Ijumaa moja kwa mwezi wote wanakuja Kirumba, tunakula sato wa kuchoma, na mwenye dukuduku analitoa. Utafiti wa Nicholas Bloom na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, kuhusu wahudumu wa simu wa kampuni ya usafiri ya Ctrip nchini China, ulionyesha kwamba waliofanyia kazi nyumbani kwa miezi tisa waliongeza ufanisi kwa asilimia 13. Wauzaji wetu waliitaja asilimia hiyo kwenye kipeperushi chao. Hawakutaja kwamba watu wale walijitolea wenyewe kurudi nyumbani, na kwamba ufanisi wao ulipimwa kwa kazi inayoonekana, kama simu walizopokea.

Kuanzia mwezi huu nimepunguza kutoka watu tisa hadi watano, yaani wale wenye kompyuta, nimezima picha za skrini, na sehemu ya alama nimeificha ili hata mimi nisiione. Mawakala wanaandika kazi zao kwenye ubao wa bure wa kampuni nyingine, ambao kwa mahitaji yao unatosha. Kijana wa Buhongwa bado yuko nasi, na taarifa ya benki sasa inafungwa ndani ya siku nne.

Naipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa ajili ya ubao. Mwenye wafanyakazi wa ofisini hasa, wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa nzima kwa saa zinazofanana, anaweza kuipatia matumizi; mwenye biashara inayofuata giza na mbalamwezi aiache. Anayeamua kuijaribu aombe mwezi mmoja wa majaribio kwa watu wawili tu, na adai maelezo ya uhifadhi wa picha kwa maandishi kabla ya kulipa. Kuvunja mkataba au kupunguza idadi ya watu lazima kufanywe kwa barua pepe siku 14 kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi nilipiga simu, nikaambiwa nimeeleweka, na mwezi Julai nikatozwa tena kwa watu tisa.